Bomba la gesi na wavu wa mvuvi: hatari haiko tunakoitazama

Tangu Oktoba 2023, nanga ya meli ya mizigo ilipolipasua bomba la gesi la Balticconnector kati ya Finland na Estonia, habari za mabomba na nyaya za chini ya bahari zimekuwa zikisimuliwa kana kwamba ni habari za majasusi. Sababu ipo. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2022, mabomba ya Nord Stream yalilipuliwa kwa makusudi. Mwishoni mwa 2024 nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Baltiki ndani ya majuma machache, na Januari 2025 NATO ikaanzisha doria maalumu huko. Mjadala huo umetufikia huku pwani ya Afrika Mashariki pamoja na msamiati wake wote. Ukizungumza leo na watu kuhusu ulinzi wa gesi ya Songo Songo au ya Mnazi Bay, kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, hawachukui muda kufika kwenye boti za doria, maeneo ya marufuku na wavuvi “wanaosogelea” miundombinu. Mvuvi na mhujumu wametiwa kapu moja.

Nadhani tumelisoma jambo hili vibaya. Uvuvi ni hatari ya kweli kwa bomba lililolala chini ya bahari, na sitaki kuipunguza. Lakini hatari hiyo inategemea aina ya zana, namna bomba lilivyolala, na kama mwenye chombo anajua lilipo. Ukifuatilia ajali zilizokwisha kutokea, mara nyingi chuma kimesalia na binadamu ndiye aliyezama. Na kwa pwani yetu hasa, mwenye ngalawa yuko karibu na mwisho wa orodha ya vitu vinavyoweza kulitoboa bomba la gesi. Sera inayoanza kwa kumfukuza yeye inatumia nguvu mahali pepesi na kuliacha bomba mbele ya vyombo vinavyoweza kulidhuru kweli.

Tuanze na jinsi madhara yanavyotokea, maana hapo ndipo mjadala wetu ulipo mtupu kabisa. Meli ya kukokota, ile ambayo wengi huiita trola, huburuta wavu juu ya sakafu ya bahari kwa mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) tatu au nne, saa nyingi mfululizo. Mdomo wa wavu hautanuki wenyewe. Hutanuliwa na mbao mbili za chuma, na katika meli kubwa kila moja inaweza kuwa na uzito wa tani kadhaa. Meli zinazokokota nyavu mbili kwa wakati mmoja huongeza dude la uzito katikati, ambalo katika Bahari ya Kaskazini huweza kuzizidi mbao zenyewe. Shirika la Norway la DNV, linaloandika viwango vinavyofuatwa na wajenzi wengi wa mabomba ya baharini, lina mwongozo mzima unaohusu jambo hili moja tu, nyavu za kukokota kukutana na bomba. Mwongozo huo unayatenganisha matukio matatu. La kwanza ni pigo: chuma kinaligonga bomba, kinabandua zege na utando wa kinga, kinaacha kibonyeo. Gesi haivuji siku hiyo, lakini kutu imepata mlango. La pili ni kuvutwa: ubao unapanda juu ya bomba huku waya ukiendelea kukaza, na bomba linaweza kusogezwa pembeni na kupinda. La tatu ni kunasa, pale ubao au uzito unapoingia chini ya bomba na kukwama. Hili la tatu hutokea mara chache kuliko yote, nalo ndilo linaloua.

Linaua kwa sababu bomba kubwa la chuma lenye koti la zege haliendi popote. Chombo ndicho kinachosimama ghafla, winchi inaendelea kuvuta, waya unakiinamisha ubavu, maji yanaingia. Machi 1997 chombo cha uvuvi cha Scotland, Westhaven, kilizama namna hiyo katika Bahari ya Kaskazini na mabaharia wake wanne wakafa. Zana zake zilinasa chini ya bomba, mahali ambapo mikondo ilikuwa imechimbua mchanga na kuacha uwazi kati ya bomba na sakafu. Hakukuwa na hujuma wala uvuvi haramu. Watu walikuwa kazini, bomba nalo lilikuwa kazini, na kati yao palikuwa na pengo ambalo nahodha hakuwa na njia ya kuliona. Miaka kumi baadaye kampuni za mafuta na vyama vya wavuvi vya Uingereza vikawa na mfuko wa pamoja unaogharamia, pamoja na mengine, kifaa cha kuwekwa kwenye chumba cha nahodha kinachopiga kelele chombo kinapokaribia kitu kilichoko chini. Jambo la kukumbuka ni kwamba Uingereza, ambayo huweka eneo la usalama la mita 500 kuzunguka majukwaa na visima vya baharini, haikuweka eneo kama hilo kufuata mabomba yenyewe. Wavuvi wanaruhusiwa kupita juu yake. Kilichoongezwa ni taarifa.

Ghuba ya Mexico ina kisa kibaya zaidi, na kwetu kina maana kubwa kuliko cha Westhaven kwa sababu kilitokea kwenye maji mafupi. Julai 1987 chombo cha uvuvi Sea Chief kiligonga bomba karibu na pwani ya Louisiana. Watu wawili walikufa. Oktoba 3, 1989, karibu na Sabine Pass, Texas, chombo kingine, Northumberland, kiligonga bomba la gesi la inchi 16. Gesi ikapanda, ikawaka, na kati ya watu 14 waliokuwamo wakafa 11. Vyombo hivi havikuwa vya kukokota. Vilikuwa vinavua menhaden, samaki wadogo wanaosagwa kuwa unga na mafuta, kwa nyavu za kuzungusha. Kilichogusa bomba kilikuwa mwili wa chombo chenyewe, katika maji ambayo kina chake kilikuwa kinakaribia kile cha chombo. Bomba lile lilitakiwa liwe limefukiwa. Lilikutwa wazi. Mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwalazimisha wenye mabomba katika Ghuba ya Mexico kuyakagua yaliyoko kwenye maji ya kina kisichozidi futi 15, yaani kama mita nne na nusu, na kuyafukia upya yaliyofukuka. Angalia sheria ile ilimwelekea nani: mwenye bomba.

Afrika nayo ina kisa chake, ingawa hakitajwi sana katika mijadala yetu. Bomba la Gesi la Afrika Magharibi hutoka Nigeria, likapita mbele ya Benin na Togo hadi Ghana, na sehemu yake kubwa imo baharini. Agosti 2012 maharamia walijaribu kuiteka meli karibu na Lomé, na katika purukushani ile nanga ya meli ikaburura na kuliharibu bomba. Gesi ya Ghana ilikatika kwa karibu mwaka mzima, na mgawo wa umeme ukawa maisha ya kila siku. Kwa wiki nzima unaweza kuhesabu mitumbwi ya wavuvi inayopita juu ya bomba lile kati ya Lomé na Takoradi. Lililolivunja lilikuwa nanga ya meli kubwa. Hapa kwetu mfano wake tunao kwenye mawasiliano: Februari 2012 kebo ya TEAMS ilikatwa Mombasa na nanga ya meli iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa. Duniani kote hitilafu za kebo za baharini hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 200 kwa mwaka, na asilimia 70 hadi 80 husababishwa na uvuvi na nanga. Majasusi wanabaki na sehemu ndogo mno ya hesabu hiyo, hata ukiwapa kila tukio la kutiliwa shaka.

Sasa turudi nyumbani. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikakaa chini miaka thelathini, ikaanza kutumika 2004. Bomba la inchi 12 linapita chini ya bahari kiasi cha kilomita 25 kutoka kisiwani hadi Somanga Fungu, kisha la inchi 16 linaendelea nchi kavu kilomita 207 hadi Ubungo. Mwaka 2015, pamoja na bomba kubwa la inchi 36 litokalo Madimba, Mtwara, hadi Kinyerezi, likaongezwa bomba la pili la baharini kutoka Songo Songo, la inchi 24. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya Tanzania ulitokana na gesi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha hesabu hiyo, lakini mvua zikigoma ni gesi inayobaki, na kuna viwanda, kile cha saruji cha Wazo Hill kikiwa kimojawapo, vinavyoitegemea moja kwa moja. Kwa hiyo anayesema bomba lile ni la kulindwa kwa gharama kubwa hajakosea. Kosa linaanza anapomtaja wa kulilinda dhidi yake.

Nani anavua kwenye maji yale? Ni watu wa Kilwa, Songo Songo, Somanga na visiwa vya jirani, wakiwa na mitumbwi, ngalawa na mashua. Zana zao ni mishipi, madema, jarife, nyavu za dagaa zinazotumia taa usiku, na kwa bamvua kubwa wanawake na wanaume wanashuka mwambani kutafuta pweza. Nanga zao ni jiwe lililofungwa kamba, au nondo zilizokunjwa na kuchomelewa. Nanga iliyookotwa karibu na Balticconnector ilikuwa na uzito wa kama tani sita. Kati ya nanga ile na nanga ya nondo hakuna ulinganisho wa kuufanya. Mvuvi wa mshipi akinasa kwenye bomba, atakachopoteza ni ndoano na chambo. Mwenye juya anayevutia ufukweni karibu na mahali bomba linapotoka majini anaweza kurarua wavu wake, na zege la bomba halitajua kwamba lilipitiwa.

Kuna mvuvi mmoja mdogo ambaye simtetei, naye ni wa baruti. Uvuvi wa mabomu umepigwa marufuku Tanzania tangu Sheria ya Uvuvi ya 1970, na kwa miongo mingi marufuku hiyo ilibaki kwenye karatasi. Utafiti wa sauti za chini ya maji uliofanywa mwaka 2015 kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Msumbiji ulinasa milipuko zaidi ya 300 ndani ya mwezi mmoja hivi, iliyo mingi karibu na Dar es Salaam. Baada ya operesheni za pamoja za vyombo vya dola zilizoanza miaka iliyofuata, milipuko ilipungua sana. Je, chupa ya mbolea na mafuta inaweza kupasua bomba la inchi 12 lenye koti la zege? Nguvu ya mlipuko majini hupungua haraka kadiri unavyoondoka pale ulipotokea, na mvuvi wa baruti hulenga kundi la samaki lililoko juu ya sakafu. Lakini samaki hujificha kwenye vitu vilivyosimama chini ya bahari, bomba likiwa mojawapo, kwa hiyo kundi la kulengwa linaweza kuwa palepale. Mlipuko mmoja ukitokea kando ya kiungo au vali ni habari nyingine. Anayetaka kutaja kosa la mvuvi mdogo linaloligusa bomba, hili hapa, nalo tayari ni jinai bila kutunga sheria mpya. Halihitaji eneo la marufuku; linahitaji baruti ya migodini na ya ujenzi wa barabara idhibitiwe huko inakotoka.

Upande wa vyombo vikubwa nako kuna tofauti zinazopotea kwenye mjadala. Wengi wakisikia “uvuvi wa bahari kuu” wanaona meli za kigeni zinazokwangua sakafu ya bahari. Leseni za bahari kuu kwa upande wetu ni za kuvua jodari na jamii yake hasa, kwa mishipi mirefu na nyavu za kuzungusha, zana zinazoelea mbali na sakafu yenye kina cha zaidi ya mita elfu moja. Hizo zina matatizo yake, lakini si ya bomba. Chombo cha kukiangalia ni trola ya kuvua kamba, inayofanya kazi karibu na pwani, kwenye matope ya delta ya Rufiji na Bagamoyo kwa Tanzania, na Ghuba ya Ungwana kwa Kenya. Kenya iliwahi kuzisimamisha meli hizi mwaka 2006 baada ya ugomvi wa muda mrefu na wavuvi wadogo waliokuwa wanakatiwa nyavu, zikarudi 2011 chini ya mpango mpya. Tanzania nayo iliwahi kuzisimamisha. Kila leseni ya trola inapofikiriwa upya, swali linalotawala ni kiasi cha kamba waliobaki. Swali la uzito wa mbao zake na njia za mabomba halijawa sehemu ya kawaida ya mazungumzo hayo, na hapo ndipo ningependa vyombo vya usalama vielekeze bidii yao, pamoja na meli za mizigo zinazotafuta mahali pa kujisitiri upepo ukichafuka.

Nizipime sasa hoja zinazotolewa. Wanaotaka eneo la marufuku wana hoja yenye uzito: hasara ya kukatika gesi ni ya nchi nzima, hasara ya kufunga kipande cha bahari ni ya watu wachache. Lakini fanya hesabu. Ukifuata bomba la kilomita 25 kwa mita 500 kila upande, umefunga kilomita za mraba 25 za maji ya karibu na pwani, ambako mtu wa ngalawa hana mbadala wa kwenda. Doria ya kulinda ukanda huo usiku na mchana haina fedha, kwa hiyo itakuwa doria ya kukamata mmojammoja na kunyang’anya mashine. Na kuna hasara nyingine ambayo haihesabiwi. Bomba la baharini likianza kuvuja taratibu, kabla mitambo haijaonyesha kushuka kwa msukumo, mtu wa kwanza kuona mapovu juu ya maji ni mvuvi anayepita pale kila alfajiri. Ukimfukuza umepoteza jicho, tena la bure. Ukimfanya adui, ataona mapovu na kunyamaza.

Hoja ya upande wa pili, kwamba bahari ilikuwa ya wavuvi kabla ya bomba, ina haki ndani yake na ndiyo inayofanya suala la fidia liwe la msingi. Haisaidii sana chombo kikishanasa. Mwanamaji aliyeinamishwa na waya hatanusurika kwa sababu babu yake alivua pale.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayotolewa kwa utulivu mkubwa kwenye mikutano ya wadau: bomba limefukiwa, limepakwa zege, hakuna la kuhofia. Watu wa Northumberland walikufa juu ya bomba lililotakiwa liwe limefukiwa. Kufukia ni hali ya siku bomba lilipowekwa. Baada ya hapo mchanga una mambo yake. Kwenye maji mafupi kati ya Songo Songo na bara, mikondo ya bamvua, misimu ya kusi na kaskazi na dhoruba zinahamisha mchanga kila mwaka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikabomoa madaraja ya barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, palepale bomba linapotokea baharini. Sote tuliona picha za barabara iliyokatika na foleni ya mabasi. Ukaguzi wa bomba baada ya tukio kama lile unapaswa kuwa taarifa ya umma kama zilivyokuwa picha za daraja: wapi pamefukuka, wapi kuna uwazi chini, lini patafunikwa. Mvuvi na nahodha wa mashua ya mizigo wana haki ya kujua hayo kuliko mimi na wewe tunaosoma makala. Mombasa wamejipa nafasi nzuri zaidi kwenye gati jipya la mafuta la Kipevu, lililoanza kazi 2022, kwa kuyazika mabomba yake mbali chini ya sakafu ya bandari ili hata uchimbaji wa kuongeza kina usiyafikie. Bandarini unaweza kumudu hivyo kwa sababu njia ni fupi. Kwa kilomita 25 za bahari iliyo wazi utahitaji ukaguzi usiokoma.

Nahodha mmoja wa Kilwa aliwahi kuniuliza swali ambalo sijalisikia likiulizwa kwenye semina yoyote: nanga yangu ikinasa kwenye kitu nisichokiona, nivute au nikate kamba? Nikikata, nani ananilipa nanga? Jibu lipo kwenye sheria ya kimataifa, na limekuwapo tangu zama za telegrafu. Mkataba wa Paris wa 1884 wa kulinda nyaya za telegrafu ulisema kwamba mwenye chombo aliyeiacha nanga, wavu au zana nyingine ya uvuvi ili asiharibu waya, atalipwa na mwenye waya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, katika ibara ya 115, umeichukua kanuni hiyo na kuyajumuisha mabomba. Tanzania iliuridhia 1985, Kenya 1989. Ibara ya 113 ya mkataba huohuo ndiyo inayotaka kuvunja bomba kwa makusudi au kwa uzembe kuwe kosa la jinai, na hiyo ndiyo tunayopenda kuikumbuka. Tumechukua fimbo na kuacha malipo, wakati vimeandikwa ibara mbili tu mbali.

Ukiitazama ibara ya 115 kwa jicho la mhandisi, utaona kwamba ni chombo cha usalama. Mtu anayejua kuwa atarudishiwa nanga anakata kamba. Asiyejua anavuta, anawasha mashine, anaita wenzake wamsaidie kuvuta. Kwa nanga ya nondo jambo hilo halina madhara kwa bomba. Kwa trola yenye winchi lina madhara makubwa, na ndiye baharia wa trola tunayetaka akate kuliko wote. Ibara ina sharti: mwenye chombo awe amechukua tahadhari zote za busara kabla. Huwezi kumdai mtu tahadhari juu ya kitu ambacho hujamwonyesha. Ramani za bahari zenye mstari wa bomba zipo, lakini wavuvi wetu wengi hawabebi ramani. Wanakwenda kwa alama za nchi kavu, mnara wa msikiti uliolingana na mnazi fulani, kichwa cha kisiwa kilichofunga rasi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari vilivyoko vijijini, vile vya BMU, vinaweza kukaa na wahandisi siku moja na kuigeuza njia ya bomba kuwa alama hizo. Simu za mkononi zenye GPS zimejaa hata Songo Songo, na kuweka mstari mmoja kwenye simu si kazi ya mradi wa miaka mitano.

Norway imeuandika ulipaji huu kwenye sheria. Sheria yake ya Petroli ya 1996 ina sura nzima ya fidia kwa wavuvi, ikihusu maeneo yaliyochukuliwa, taka zilizoachwa chini na zana zilizoharibika. Sisi tuna mfano wa kinyume, wa kulipa baada ya vita. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari ya Lamu, na hukumu ile ikafuatiwa na miaka ya mivutano juu ya nani alipwe nini, na kwa fedha au kwa vyombo. Miaka yote hiyo bandari na wavuvi walikuwa majirani wasiosemezana. Kwa bandari hilo linavumilika. Kwa bomba lenye gesi chini ya maji mafupi, majirani wasiosemezana ndio mazingira ya ajali yenyewe.

Hata maziwani jambo hili halitakwepeka. Kwenye Ziwa Kivu, mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda unachota gesi ya methani ya ziwani kwenye jukwaa linaloelea lililoko kilomita 13 kutoka ufukweni na kuileta kwa bomba hadi kituo cha umeme cha megawati 26 huko Karongi. Juu ya maji hayohayo wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, hutoka usiku na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakishusha wavu chini ya taa. Wakongomani wa upande wa pili wanalitazama ziwa lile lile kwa mipango yao ya gesi.

Kinachonifanya niandike sasa ni Lindi. Mradi wa gesi kimiminika umezungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Visima vyake viko kwenye maji ya kina kirefu, mbali na pwani, na gesi italazimika kuletwa kwa mabomba hadi Likong’o. Sehemu ya kina kirefu haina trola wala ngalawa. Taabu iko kwenye kipande cha mwisho, bomba linapopanda kutoka kilindini hadi kwenye ukingo mwembamba wa bara, ambako ndiko kila mtu anavua na ndiko sera ya uchumi wa buluu inataka watu wavue zaidi, kwa vyombo vikubwa zaidi. Sera mbili za serikali moja zinapangiwa kukutana kwenye maji hayohayo. Bomba linaweza kusanifiwa tangu mwanzo ili wavu wa kukokota upite juu yake bila kunasa: likafukiwa, likafunikwa mawe, vali zikawekewa maboma yenye miteremko. Hilo ni jambo la kawaida Bahari ya Kaskazini, na gharama yake inaingia kwenye bei ya mradi ungali kwenye michoro. Kulifanya bomba likishalala ni kazi ya meli maalumu zinazokodishwa kwa siku kwa bei ya kutisha.

Vivyo hivyo kwa fidia. Kifungu kinachosema mwenye bomba atalipa zana zilizokatwa, kwa utaratibu wa ofisi ya kata na ndani ya majuma, bila kesi, ni aya moja katika makubaliano kati ya serikali na wawekezaji. Kampuni za mafuta za Ulaya zimezoea kuishi na vifungu vya namna hiyo kwao na hazitashtuka kukiona. Ukaguzi wa kila baada ya dhoruba, ukitangazwa kwa BMU za Lindi na Kilwa, ni aya nyingine. Wanaoketi mezani kwa niaba yetu wana orodha ndefu ya mrabaha, kodi na mgawanyo wa gesi, na ninaelewa kwa nini wavu wa mtu wa Mchinga uko mbali na mawazo yao. Wamwulize basi mhandisi wa upande wa pili wa meza kama kampuni yake ingethubutu kulaza bomba kwenye Bahari ya Kaskazini bila kifungu hicho.